Mlango wa Nyumba ya Angwenyi

Wazee walikuwa wanatoka. Mzee Nyamweya alitangulia, fimbo kwanza, halafu mguu mbovu, halafu mguu mzima, na nyuma yake wenzake kumi wakafuatana kimya kimya. Hakuna aliyetukana wala kukohoa. Mlango wa ghala ulipofunguliwa, jua la saa tisa likaingia, na picha iliyokuwa kwenye shuka ikafifia mpaka nikawa naonyesha ukungu mtupu.

"Ouko," Nehemiah akaninong'oneza, "zima."

"Nikizima ndiyo tumekubali imekufa."

"Zima, ndugu yangu. Imeshakufa."

Nikazima mashine. Ghalani wakabaki vijana, akina mama wa nyuma, na harufu ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu.

Hiyo ilikuwa Jumapili, mwaka wa 1971, huko Gesima, kwenye vilima vya Wakisii. Ghala lilikuwa la chama cha ushirika, nasi tulikuwa tumeziba madirisha kwa magunia ili sinema ionekane mchana. Jumamosi haingewezekana, maana nusu ya watu wa pale ni Wasabato, na Jumamosi hata jembe linapumzika.

Mimi naitwa Jeconia Ouko, mtu wa kando ya ziwa. Shule nilisoma kwa vipande: misheni hii darasa mbili, misheni ile darasa moja, na la nne sikulimaliza. Nimefanya kazi melini, kwenye reli, kwenye miwa na kwenye lori la magogo. Mwaka ule nilikuwa dereva wa gari la sinema, na ukiwa dereva wa gari la sinema wewe pia ndiye fundi wa mashine, wa jenereta na wa shuka.

Nehemiah Ondieki alizaliwa hapo hapo Gesima, lakini mama yake alikufa angali mtoto mdogo, mjomba wake akamchukua Nairobi. Kuanzia mwaka wa 1964 alikuwa mtu wa televisheni. Kila Alhamisi jioni alikaa kwenye kiti, mgeni akakaa kwenye kiti cha pili, Nehemiah akauliza na mgeni akajibu. Nairobi watu walimsalimia kwa jina kutoka dirishani mwa basi. Gesima hakukuwa na televisheni hata moja. Walijua tu kwamba mtoto wa Ondieki ameandikwa kazi ya kukaa ndani ya sanduku.

Aliniambia mwenyewe kwa nini aliacha. Siku moja aliletewa mkulima wa chai kutoka kwao, kavalishwa koti la kuazima. Nehemiah akamuuliza maswali mazuri nusu saa nzima, mzee akajibu ndiyo, hapana, ndiyo. Kipindi kikaisha. Nje, kwenye ujia, yule mzee akavua koti, akaanza kusimulia shamba lake, mikono inaruka, magoti yanapinda, anaonyesha mche ulivyokuwa na ulivyo sasa. Alisimulia mpaka askari wa lango akaja kufunga.

"Ouko, miaka sita nimeuliza maswali," Nehemiah aliniambia, "na majibu yote yalikuwa nje ya mlango. Mimi nimeacha kuongea mbele ya watu. Sasa nitapiga picha, na picha iongee."

Kulikuwa na ofisi moja Nairobi iliyotengeneza sinema za wakulima. Ikampa sinema moja ya kujaribu. Kule televisheni kiti chake kilipewa mtu mwingine hata kabla hakijapoa. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: wakulima wakiikubali sinema ile, Nehemiah anaandikwa mwongozaji wa ofisi. Wakiikataa, hana kamera na hana kiti. Na wa kuamua kama imekubaliwa alikuwa Margret Aloo, msichana wa kwetu ziwani, afisa mwenye miwani na daftari la jalada gumu. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya watu na kuandika alichoona.

Sinema yenyewe ilikuwa ya dakika arobaini, wenyeji wakicheza na wakisema kwa sauti zao, kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Angwenyi, mtoto wa Mzee Nyamweya, alicheza mume anayetaka kung'oa pareto apande chai. Nyanchera, mke wake wa kweli, alicheza mke asiyetaka. Siku ya kwanza ya kupiga picha Nehemiah aliwaambia waje kama wanavyokwenda shambani. Angwenyi akaja na tai. Nyanchera akaja na kitambaa cha kanisani na viatu vilivyong'aa hata ng'ombe angejiona ndani.

"Nilisema nguo za shamba, jamani!" Nehemiah akalia.

"Za shamba zimeonwa na shamba," Nyanchera akamjibu. "Hizi ndizo za kuonwa na watu."

Akawaacha hivyo hivyo. Ile tai ikaingia kwenye sinema.

Sasa kipande cha katikati ndicho kilikuwa moyo wa sinema. Angwenyi anafika kwake jioni, anasukuma mlango, kamera inaingia naye. Mle ndani Nyanchera ameketi kitandani, anafungua kitambaa cha kichwa. Wanabishana habari za shamba, wanataniana, wanacheka, na mwishowe mke anasema ndiyo. Dakika saba. Siku ya kupiga picha, mimi ndiye niliyeshika taa mle ndani. Nehemiah ni rika la Angwenyi, anaruhusiwa kuingia. Mimi ni mgeni, nami naruhusiwa. Mambo yalikuwa sawa kabisa.

Ila Wakisii wana kitu wanakiita chinsoni. Ni heshima na haya kati ya mzazi na mwana, na zaidi sana kati ya mzee na mke wa mwanawe. Mwana akishaoa, baba haingii nyumbani mwake, wala wazee wa rika la baba. Atafika uani, ataita, ataletewa kiti, atanywa uji wake hapo nje, lakini kizingiti hakivuki. Na kitanda cha mwanawe hakioni mpaka anakufa. Hata kwetu ziwani kuna mambo kama hayo, nilipaswa kukumbuka. Nehemiah aliijua chinsoni kama mtu anavyojua wimbo ambao hajawahi kuuimba. Alidhani kamera haina ukoo.

Basi Jumapili ile tumewaketisha wazee mbele, kwa heshima. Picha ikamfuata Angwenyi mpaka mlangoni, mlango ukafunguka, na Mzee Nyamweya akajikuta yumo nyumbani mwa mwanawe, anatazama kitanda, huku mke wa mwanawe anafungua kichwa mbele yake. Na Nyanchera mwenyewe yuko pale nyuma, anamwona mkwewe anaona. Alijifunika leso uso mzima akatoka kwa mlango wa pili. Mzee akatoka kwa ule mkubwa.

Nje, Angwenyi alimkamata Nehemiah kifuani.

"Umenivua nguo mbele ya baba!"

"Angwenyi, hiyo nyumba ni yako, na wewe ndiye uliyenikaribisha."

"Nilikukaribisha wewe! Nilikwambia mbebe baba yangu mgongoni umwingize?"

Nehemiah akarudi ghalani kukunja shuka.

Margret alikuwa anapanda Land Rover ya ofisi. Nikamwendea, nikamwambia kwa lugha ya kwetu asiandike kitu bado.

"Ouko, usinianze na undugu," akasema. "Nimeona wazee kumi na mmoja wametoka dakika ya kumi na tatu. Nitaandika wazee kumi na mmoja."

"Lakini unajua kwa nini wametoka?"

"Najua. Kwetu pia yapo. Lakini daftari halina mstari wa kwa nini." Akafunga mlango, kisha akashusha kioo. "Nalala Kisii. Jumanne mchana napita hapa tena. Mkionyesha, nitakaa nione. Wakitoka tena, hiyo ndiyo nitakayopeleka Nairobi."

Jumatatu asubuhi tukaenda kwa Mzee Nyamweya, mimi na Nehemiah. Tulimkuta uani, anachonga mpini wa jembe. Mkewe, Mama Bosibori, alikuwa anakoroga uji wa wimbi.

"Bwakire, tata," Nehemiah akamwamkia kama baba yake, macho chini.

"Bwakire. Karibuni. Huyu wa samaki naye mpe kiti kizuri, wamezoea kukaa kwenye mtumbwi."

"Na nyinyi mmezoea kukaa kwenye mteremko," nikamwambia, "hata kiti chenu kinaegemea upande."

Akacheka. Tukajua angalau hatufukuzwi. Mama Bosibori akatugawia uji, akamtazama Nehemiah kuanzia viatu kwenda juu.

"Mtoto wa Ondieki, ulitokaje kwenye lile sanduku? Walikufungulia au ulivunja?"

"Niliomba, mama. Wakanifungulia."

"Na sasa unawaingiza wengine."

Nehemiah akaweka kikombe chini. "Tata, nimekuja kuomba msamaha. Nimekosa. Nitakata kile kipande, nikitupe. Kesho mkija hamtakiona."

Mzee hakuacha kuchonga. "Mimi sina hasira. Mtu akipelekwa njia isiyo yake, anarudi tu. Nilirudi. Lakini ukikata, nitaona nini?"

"Utaona Angwenyi anafika mlangoni. Halafu utaona wanapanda chai."

"Nani amekubali?"

"Vipi, tata?"

"Mwanzoni mke amekataa. Niliona, amekataa na jembe mkononi. Halafu ghafla chai imesimama kama uyoga baada ya mvua. Nani alisema ndiyo? Watu watasema Angwenyi alimpiga." Akapuliza vumbi la mti. "Hiyo sinema yako itakuwa ya uongo."

Nehemiah akanitazama. Alikuwa ameambiwa jambo ambalo hakuna mkubwa wa televisheni aliyewahi kumwambia, na mtu aliyeona sinema moja katika maisha yake, tena dakika kumi na tatu tu.

"Basi nifanye nini? Nikikiacha, mtatoka. Nikikikata, ni uongo."

Mama Bosibori akaanza kucheka, peke yake, mwiko mkononi.

"Nyinyi wanaume mna shida. Kwani huyu mzee akienda kwa mwanawe hufanyaje? Anafika mlangoni. Anasimama. Wenye nyumba wanamaliza maneno yao. Wakimaliza, wanatoka wanamwambia. Hakuna aliyekufa kwa kusimama nje." Akanielekezea mwiko. "Wewe wa samaki, hii mashine yako haijui kusimama mlangoni?"

"Inajua, mama," nikasema. "Ina swichi."

Lakini swichi peke yake haitoshi. Ukisimamisha mkanda taa ikiwaka, unaungua. Mchana ule niliketi nyuma ya gari na kisu kidogo, gundi na magurudumu mawili matupu ya kuzungushia mkanda. Mkanda ulikuwa mmoja tu, hakuna wa pili duniani. Nilikata pale mkono wa Angwenyi unapogusa mlango, na nikakata tena pale wanapotoka asubuhi na majembe. Zile dakika saba nikazipa gurudumu lao. Nehemiah alisimama nyuma yangu bila kupumua vizuri.

"Umemaliza, daktari?"

"Nimemaliza. Mgonjwa yuko vipande vitatu na anaendelea vizuri."

"Sasa kuna jambo lingine," akasema. "Nani atawaambia watu?"

Nikafunga kisu, nikamtazama. Alijua.

"Niliapa, Ouko. Nilisema picha iongee."

"Picha imeongea Jumapili," nikamwambia. "Wazee wakaenda zao."

Jumanne ghala lilijaa kuliko Jumapili, maana aibu ya mtu huvuta watazamaji. Mzee Nyamweya na wenzake walikuja, wakakaa mbele tena. Nyanchera alikaa nyuma kabisa, karibu na ule mlango wa pili, leso tayari. Margret alifika, akafungua daftari. Nikawasha.

Gurudumu la kwanza likaenda vizuri. Watu wakacheka tai. Pareto ikaonekana, mke akakataa, Angwenyi akapanda njia ya kwake, akanyoosha mkono, akagusa mlango. Hapo mkanda ukaisha, shuka ikabaki nyeupe. Tukashusha gunia moja dirishani.

Nehemiah akasimama mbele ya shuka. Alinyoosha koti kama nilivyoambiwa alivyokuwa akinyoosha kule. Ile sauti yake ikatoka, ya Alhamisi, laini, ya mtu anayekaribisha wageni sebuleni, ila sasa ilikuwa kwa Ekegusii. Nilikuwa nimeshakaa Gesima kiasi cha kuelewa.

"Wazee wetu," alisema, "tumefika mlangoni kwa kijana wenu. Ana maneno na mkewe. Tunawaomba mngoje uani kidogo, kama kawaida yenu, tuwaletee habari. Uji uko."

Mzee Nyamweya akakita fimbo chini, akainuka. "Kijana ana adabu," akasema kwa sauti ya kusikika, na wenzake kumi wakamfuata. Mama Bosibori alikuwa nje na chungu.

Nikamwona Margret anaandika. Aliandika kumi na moja, ningeapa.

Tukarudisha gunia, nikavisha gurudumu la dakika saba, nikawasha, kisha nikachungulia nje kuona jenereta. Nikamkuta mzee amesimama kando yake, kikombe mkononi, uso umekunjamana.

"Hii kitu yako inapiga kelele. Siwezi kusikia."

"Unataka kusikia nini, mzee? Uko uani."

"Mtu wa uani ana masikio. Zima kidogo."

"Nikiizima, na wao wanazimika."

Akanitazama kama mimi ndiye niliyeumba umeme. Akazunguka ghala mpaka pembe ya mbali, akasimama, mgongo kwenye mabati, uso ameuelekeza kilimani kama mtu anayekagua chai ya jirani. Lakini kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta. Ndani, Nyanchera wa kwenye shuka akacheka. Ghala zima likacheka naye. Mzee akatazama kilima.

Shida ni kwamba mawingu yalikuwa yameshuka. Kule Gesima mvua ya mchana haikosi, na kila mzee ana ng'ombe. Wawili walishaanza kuangalia njia. Mmoja alishaweka kikombe chini na kuaga. Dakika saba ni ndefu sana ukiwa nje ya mlango. Nikarudi ndani mkanda unaisha, nikamwambia Nehemiah, "Wanaenda."

Alitoka mbio. Nilimsikia kupitia dirishani.

"Tata! Karibuni ndani. Maneno yamekwisha."

Mzee Nyamweya hakuinua mguu. "Amesema ndiyo?"

"Ingia uone mwenyewe."

"Naingia vipi bila habari? Mtu wa uani huambiwa kwanza. Amesema nini?"

Nehemiah akashusha pumzi. Nafikiri ndipo alipoelewa kazi yake ya pili ilikuwa nini. Akaongea si kwa sauti ya Alhamisi, bali kwa sauti ya kawaida.

"Amesema ndiyo, tata. Pareto ing'olewe. Lakini kipande cha chini, karibu na nyumba, kisiguswe. Kibaki cha wimbi wake."

Wale waliokuwa wanaaga wakasimama. Mzee akafikiri. Nyanchera alikuwa ndani, anasikia kila neno. Ile ardhi ya chini ilikuwa ya kweli, na mwenye kuigawa alikuwa mzee mwenyewe. Neno hilo Nyanchera alilisema kwenye sinema tu; mbele ya mkwewe hangeweza kulipeleka hata siku moja.

"Kipande cha chini," Mzee Nyamweya akasema. "Ni sawa. Wimbi unafaa pale. Kama amesema hivyo, ameongea akili."

Akaingia. Wakaingia wote. Wapita njia wawili waliokuwa wanakimbia matone ya kwanza wakaingia nao. Nikawasha gurudumu la tatu, mvua ikaanza kupiga mabati, na hakuna aliyesikia sauti tena mpaka mwisho, lakini hakuna aliyetoka. Mwisho kabisa kuna mahali mzee mwenyewe anavuka shamba na fimbo yake. Alijitazama kwa makini.

"Huyo mzee ana mguu mbaya," akasema. "Akae nyumbani."

Margret alifunga daftari mvua ilipokatika. Akanipitia mlangoni. "Watu kumi na mmoja wametoka," akasema. "Kumi na watatu wameingia. Sijui wataisoma vipi Nairobi, lakini ndivyo nilivyoona."

Nairobi waliisoma vizuri. Nehemiah aliandikwa mwongozaji, akatengeneza sinema tano zaidi kati ya mwaka huo na 1977: mbili za Gesima, moja ya kiwanda cha chai cha Itumbe, mbili za kwetu ziwani. Zote zilikuwa na mahali pa kusimama mlangoni, na kwa kila moja alizunguka na gari ili aongee pale mkanda unapokatika. Ofisi ilipofungwa alifungua duka la kupiga picha Nyamira. Alioa kwa kuchelewa. Televisheni hakurudi.

Mzee Nyamweya alikufa mwaka wa 1974, kwa mapafu. Nyumba ya mwanawe hakuwahi kuiingia. Mama Bosibori aliishi miaka mingi baada yake. Angwenyi alipanda chai, akachaguliwa katika kamati ya chama. Nyanchera alilima wimbi kwenye kile kipande cha chini. Nilipopita mara ya mwisho kilikuwa bado kinalimwa. Margret Aloo aliolewa Homa Bay, akawa mkaguzi wa shule. Mkanda uliliwa na unyevu ndani ya ghala, vipande viwili, cha tatu sijui kiko wapi. Mimi niliacha gari la sinema mwaka wa 1975, nikaenda kwenye lori la chumvi.